Ikura, tobiko, kazunoko: Haya ni mayai ya samaki gani, na kwa nini bei zake hazifanani?

Sahani ya sushi mara nyingi huja na chembe za rangi juu yake. Zipo nyekundu, kubwa kama punje za njegere, zinazopitisha mwanga. Zipo za rangi ya chungwa, ndogo kama uwele. Zipo nyeusi tii, na hata za kijani. Wengi wasiokizoea chakula cha Kijapani huziita zote "mayai ya samaki" na kuishia hapo. Wapo pia wanaosema "kaviari", jina ambalo kwa haki ni la mayai ya samaki mwingine kabisa.

Kwa mtu anayeonjeshwa tu, kosa hilo si kubwa. Kwa anayelipa ni jambo jingine, kwa sababu aina ya bei nafuu huweza kuuzwa kwa jina la aina iliyo ghali. Na kwa ndugu zetu walio jikoni katika hoteli za Dubai, Doha na Muscat, kujua tofauti hiyo ni sehemu ya kazi. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kushawishiwa kwamba kitu cha tumboni mwa samaki kinaweza kuwa ghali kuliko minofu yake. Mabondo ya sangara yalishatufundisha somo hilo.

Hapa tunaeleza aina zinazotumika zaidi katika mapishi ya Kijapani: ni za samaki yupi, zinatengenezwaje, na nani analipa gharama yake.

Mtoto wa nani?

Tuanze na majina, maana ndani yake kuna ufunguo. Silabi "ko" mwishoni mwa majina mengi maana yake ni "mtoto". Tobiko ni mtoto wa tobiuo, samaki anayeruka. Tarako ni mtoto wa tara. Mentaiko ni mtoto wa mentai, jina lililotoka Korea. Kazunoko ilikuwa "kado no ko", yaani mtoto wa kado, jina la zamani la heringi. Kwa hiyo ukisikia "ko", uliza: mtoto wa nani? Ukishapata jibu, umeshajua nusu ya habari.

Kuyatamka si kazi. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na maneno yake mengi huishia na irabu. Yasome kama yalivyoandikwa na hutakosea sana. Kwa mtangazaji hiyo ni nafuu kubwa. Majina ya Kirusi hayana huruma namna hiyo.

Ikura: mayai ya samoni

Ikura ndizo zile chembe kubwa nyekundu. Ni mayai ya samoni yaliyotenganishwa moja moja, yakatiwa chumvi au yakalowekwa katika sosi ya soya. Ukiuma, ngozi hupasuka na maji mazito yenye chumvi na mafuta hujaa mdomoni.

Jina hili halina "ko" kwa sababu si la Kijapani. Limetoka Urusi, ambako neno "ikra" ni mayai ya samaki wa aina yoyote, kaviari ikiwamo. Mtindo wa kuyatenganisha mayai Wajapani waliupata kwa Warusi mwanzoni mwa karne ya 20, na neno likaja pamoja na ujuzi. Kwa bahati tu, Kijapani kilikuwa tayari na neno lake lenyewe "ikura", na maana yake ni "bei gani?" Mzaha unajitengeneza wenyewe, hasa bei zikiwa kama zilivyo siku hizi.

Kabla ya hapo Wajapani walitia chumvi mfuko mzima wa mayai bila kuupasua. Huo huitwa sujiko, na bado uko sokoni. Mayai yake hubaki yameshikana kama zabibu kichalani, ni laini zaidi, na kwa kawaida chumvi yake imekolea. Watu wa kaskazini ya Japani wengi huipenda sujiko kuliko ikura, na mimi nadhani wana hoja: ladha yake ni nzito, haina haraka ya kuisha.

Ubora wa ikura huamuliwa na mahali samoni alipovuliwa. Samoni huishi baharini na kurudi mtoni kutaga. Kadiri anavyoukaribia mto, ngozi ya mayai yake huwa ngumu, ili yai likitagwa kwenye changarawe lisipasuke. Hilo ni jema kwa samaki, baya kwa mlaji: yai la samoni aliyekwisha kupanda mto hurukaruka mdomoni kama mpira. Ndiyo maana ikura inayotafutwa zaidi hutoka kwa samoni waliovuliwa pwani, msimu wa vuli, kati ya Septemba na Novemba, kabla hawajaingia mtoni. Kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani, ndicho kitovu cha kazi hiyo. Nyingine huagizwa kutoka Urusi na Alaska.

Kazi ya jikoni ni rahisi lakini inataka mkono mwepesi. Mfuko wa mayai huwekwa katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, utando ukavuliwa taratibu, na mayai yakaoshwa mara kadhaa mpaka maji yawe safi. Yakiguswa na maji ya moto kidogo huwa meupe, na mpishi mgeni hudhani ameyaharibu. Yakiingia kwenye chumvi au sosi hurudia rangi yake. Kisha hulala usiku mmoja katika sosi ya soya iliyochanganywa na sake, pombe ya mchele, na mirin, pombe tamu ya kupikia. Hapo msomaji asiyetumia kileo aweke alama. Ikura iliyotiwa chumvi peke yake ipo, ila ni lazima uulize.

Namna ya kuila inayojulikana zaidi duniani ni gunkan, neno lenye maana ya manowari. Tonge la wali wenye siki huzungushiwa ukanda wa mwani mkavu uliosimama juu kuliko wali, na ndani ya ukuta huo hupakiwa mayai yasimwagike. Inasimuliwa kwamba mtindo huu ulianza mwaka 1941 katika mkahawa wa Kyubey, mtaa wa Ginza, Tokyo. Kabla ya hapo mayai yaliyotenganishwa hayakuwa na njia nzuri ya kukaa juu ya sushi, na uni, tutakayoifikia hapo mbele, ilikuwa na taabu hiyohiyo.

Samoni ni wa nani?

Nyuma ya ikura kuna suala la haki ambalo halionekani kwenye sahani. Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, humwita samoni "kamuy chep", samaki wa miungu, na kwa karne nyingi walimvua mitoni. Serikali ya enzi ya Meiji, ilipoitia Hokkaido mkononi mwake katika nusu ya pili ya karne ya 19, iliwapiga marufuku kuvua samoni mitoni. Mwaka 1888 kituo kikubwa cha kutotolesha vifaranga vya samoni kilianzishwa Chitose, na mpango huo wa kutotolesha na kuachia mitoni ndio unaoutegemeza uvuvi wa samoni wa Hokkaido mpaka leo. Uvuvi wa baharini kwa vibali ukastawi. Waainu wakabaki kuomba ruhusa ya kuvua samaki wachache kwa ajili ya ibada na mila.

Mwaka 2020 kundi la Waainu wa mji wa Urahoro, linalojiita Raporo Ainu Nation, lilifungua kesi likidai haki ya kuvua samoni kibiashara kwenye mto wa kwao. Aprili 2024 Mahakama ya Wilaya ya Sapporo ililitupa dai hilo. Weka kesi hii akilini, kwa sababu katika heringi utakutana na nyingine iliyoishia tofauti.

Wakati huohuo samoni wanaorudi Hokkaido wamepungua sana wakilinganishwa na miaka ya mwanzo ya 2000, na kupata joto kwa bahari ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Bei ikapanda. "Ikura?" kweli.

Ikura ya kiwandani

Palipo na bei kubwa, wa kuiga hakosi. Japani imekuwa na ikura ya bandia tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20. Hutengenezwa kwa alginati, utomvu unaotolewa kwenye mwani wa kahawia, ambao ukikutana na chumvi za kalisi huganda na kufanya ngozi. Tone la mafuta huwekwa ndani lifanane na kiini. Kwa macho tu unaweza kudanganyika. Mwani wa Zanzibar hauhusiki hapa: ule hutoa karajini, ambayo ni kitu kingine.

Kipimo chake ni cha jikoni kabisa. Tumbukiza chembe moja kwenye maji ya moto. Yai la kweli lina protini, hivyo litageuka jeupe kama yai la kuku linavyofanya kwenye kikaango. La bandia litabaki jekundu linakutazama. Ikiandikwa wazi kwamba ni ya kuiga, hiyo si dhambi. Mwenye mzio wa mayai ya samaki huenda akaishukuru.

Tobiko na masago, mapacha wasio ndugu

Hapa ndipo udanganyifu mwingi wa mikahawani hutokea. Tobiko ni mayai ya samaki anayeruka. Pwani yetu wapo pia, na jina lao moja ni panzi. Waliosafiri kwa boti kwenda Unguja au Pemba huenda wamewaona wakichomoka majini na kuteleza juu ya mawimbi. Masago ni mayai ya kapelini, samaki mdogo mwembamba wa bahari za baridi karibu na Iceland, Norway na Canada. Neno "masago" maana yake ni mchanga mwembamba, na jina linamfaa.

Vyote viwili ni vidogo, vyote hutiwa rangi, vyote hunyunyizwa juu ya sushi za kuviringishwa. Lakini tobiko ni kubwa kidogo, chembe zake hazishikani, na ukiuma hutoa mlio. Masago ni ndogo zaidi, laini, na husagika kimya, mara nyingine ikiacha uchungu kidogo. Masago ni rahisi zaidi, ndiyo maana mkahawa huweza kuandika tobiko na kuleta masago. Usitazame rangi. Sikiliza meno yako.

Kuhusu rangi, hizo kali ni za kutiwa: nyeusi kwa wino wa ngisi, kijani kwa wasabi, nyekundu kwa bitiruti, njano kwa yuzu, tunda la jamii ya ndimu. Hakuna samaki anayetaga kijani cha namna ile.

Namna tobiko inavyopatikana inastahili kusimuliwa. Yai la samaki anayeruka lina nyuzi nyembamba zinazonata, kwa kuwa samaki huyu hutaga juu ya vitu vinavyoelea: magugu ya bahari, matawi, takataka. Huko Sulawesi Kusini, Indonesia, wavuvi wa eneo la Galesong waitwao patorani waliijua siri hiyo zamani. Huenda baharini na majani ya mnazi, makuti kama haya ya kuezekea huku kwetu, wakayafunga yaelee karibu na chombo na kusubiri. Samaki hufika makundi kwa makundi na kutaga humo. Mvuvi huvuta makuti yake yakiwa yamevaa mayai, huyaanika, na mzigo huanza safari ya kwenda viwandani, ambako nyuzi zile huondolewa kabla ya mayai kutiwa chumvi na rangi. Peru nako hufanya vivyo hivyo kwa mikeka ya majani makavu.

Kwa namna moja huu ni uvuvi wa upole, samaki mzazi anaweza kuondoka hai. Kwa namna nyingine ni mkali kuliko wavu: kilichochukuliwa ni kizazi kizima kabla hakijaanguliwa, na katika maji hayo uamuzi wa kiasi gani kiachwe ndiyo kazi ngumu.

Kapelini ana shida ya aina nyingine. Ni chakula cha kodi, cha nyangumi na cha ndege wa bahari, na wingi wake hupanda na kushuka bila taarifa. Mwaka 2019 na 2020 Iceland haikufungua kabisa msimu wa kumvua kwa sababu hesabu ya samaki waliopatikana baharini ilikuwa ndogo mno. Wajapani pia humla mzima, akiwa na mayai tumboni, amechomwa juu ya moto, akiuzwa kwa jina la shishamo. Shishamo halisi ni samaki wa Hokkaido peke yake, ni adimu na ni ghali. Anayefika mezani pa wengi ni kapelini aliyeazimwa jina.

Tarako na mentaiko

Ukiingia duka lolote dogo Japani na kununua onigiri, lile tonge la wali lililofungwa mwani, huenda ndani ukakuta kitu cha rangi ya waridi chenye chembe laini sana. Hiyo ni tarako: mfuko wa mayai ya poloki wa Alaska uliotiwa chumvi. Tara kwa Kijapani ni kodi, na poloki ni wa ukoo huo. Ni samaki wa pato kubwa. Duniani huvuliwa zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mayai yanayotumika Japani hutoka Urusi na Marekani. Tarako huliwa mbichi, huchomwa, na huchanganywa na siagi kisha tambi, chakula ambacho Mwitaliano angekikunjia uso lakini ni kitamu.

Ukiongeza pilipili unapata mentaiko, na hapa kuna habari ya mtu. Kawahara Toshio alizaliwa Busan, Korea, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Japani. Huko alizoea mayai ya poloki yaliyosindikwa kwa chumvi na pilipili, chakula cha Wakorea cha tangu zamani. Baada ya vita aliishia Fukuoka, kusini ya Japani, akafungua duka dogo sokoni Nakasu, na Januari 1949 akaanza kuuza mayai hayo kwa namna yake. Wateja wa mwanzo hawakuyapenda. Aliendelea kubadilisha mchanganyiko wa pilipili kwa miaka kadhaa mpaka ulipokubalika.

Kilichofuata ndicho kinachomfanya akumbukwe. Hakuichukulia hatimiliki kanuni yake. Majirani waliotaka kujua aliwafundisha. Fukuoka ikajaa watengenezaji wa mentaiko, kila mmoja na ladha yake. Reli ya mwendo kasi ilipofika Hakata, kituo kikuu cha mji huo, mwaka 1975, wasafiri wakaanza kurudi kwao Osaka na Tokyo na pakiti za mentaiko kama zawadi, na chakula cha soko moja kikawa cha nchi nzima. Asili yake ya Korea haifichwi, jina lenyewe linaisema: mentai ni "myeongtae", poloki kwa Kikorea.

Kazunoko: heringi na tamaa

Kama ningeambiwa nichague aina moja tu ya kueleza, ningechagua hii. Kazunoko ni mfuko wa mayai ya heringi, wa rangi ya njano, mgumu, na mayai yake yameshikana kiasi kwamba hulika kama kipande kimoja. Ukitafuna hulia kama unatembea kwenye changarawe. Huliwa hasa siku ya Mwaka Mpya. Mayai ni mengi mno, na herufi zinazotumika kuandika jina hili husomeka "watoto wa idadi", hivyo ni dua ya uzazi na ukoo kutokatika.

Kwanza hutolewa chumvi kwa kulowekwa katika maji yenye chumvi kidogo. Maji matupu huyaachia uchungu, jambo linalowashangaza wengi. Kisha huvuliwa utando na kulazwa kwenye mchuzi mwepesi wa soya.

Zamani hakikuwa chakula cha anasa. Mwishoni mwa karne ya 19 heringi walijaa pwani ya Hokkaido kiasi cha kutumika kama mbolea: walichemshwa, wakakamuliwa mafuta, na makapi yakasafirishwa kusini kwenye mashamba ya pamba. Mwaka 1897 walivuliwa karibu tani milioni 1. Kisha wakaanza kupungua, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 makundi yale makubwa yalikuwa hayaji tena. Majumba makubwa ya mbao ya matajiri wa heringi bado yamesimama Otaru na miji jirani, watalii huyatembelea.

Heringi walipokwisha, kazunoko ikaitwa "almasi ya njano". Wafanyabiashara wakaanza kuihodhi wakitegemea bei ipande. Msimu wa kuelekea Mwaka Mpya wa 1980 ilipanda mno, wanunuzi wakakataa, na kampuni moja kubwa ya biashara ya samaki iliyokuwa imejaza maghala ikafilisika mwanzoni mwa mwaka huo. Almasi haiozi, mayai ya samaki huoza.

Upungufu wa Japani uligeuka neema ng'ambo ya bahari. Katika jimbo la British Columbia, Canada, uvuvi wa heringi kwa ajili ya mayai tu ulianza mwaka 1972, soko lake likiwa Japani. Samaki huvuliwa akiwa karibu kutaga, mayai hutolewa, na mwili wake huishia zaidi kwenye unga wa samaki. Lakini wenyeji wa pwani hiyo, wakiwamo Waheiltsuk, walikuwa na njia yao ya miaka mingi. Walitumbukiza matawi au mwani mpana baharini, heringi wakataga juu yake, nao wakavuna mwani wenye mayai pande zote mbili. Heringi hutaga zaidi ya mara moja maishani, hivyo aliyeachwa hurudi. Wajapani huipenda sana bidhaa hiyo na huiita komochi kombu, mwani wenye watoto.

Aprili 1988 ndugu wawili wa Kiheiltsuk, William na Donald Gladstone, walishtakiwa kwa kujaribu kuuza karibu kilo 1,900 za mwani huo bila leseni inayotakiwa. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Canada. Mwaka 1996 mahakama hiyo ilikubali kwamba biashara ya mayai ya heringi ilikuwa sehemu ya maisha ya Waheiltsuk kabla Wazungu hawajafika, na kwamba haki yao ya kuyauza kibiashara inalindwa na katiba. Ni uamuzi unaotajwa mpaka leo katika kesi za haki za wenyeji, na ulianza na mayai ya kupeleka Japani.

Karasumi, na vitu vinavyodhaniwa kuwa mayai

Karasumi ni mfuko wa mayai ya mkizi uliotiwa chumvi, ukabanwa kati ya mbao na kukaushwa juani kwa siku kadhaa mpaka uwe mgumu na wa rangi ya kaharabu. Nagasaki ndiyo inayosifika kwayo. Jina limetokana na kufanana na kijiti cha wino wa Kichina. Hukatwa vipande vyembamba sana na hutafunwa polepole. Wajapani huihesabu kati ya vitoweo vitatu vya fahari vya nchi yao. Wataliani huiita bottarga na Wamisri batarekh, kwa hiyo hii ni ya mataifa mengi. Mkizi tunaye pwani yetu, yuleyule mwenye hasira ya kuruka inayomfurahisha mvuvi, ila mayai yake kwetu huishia kwenye kikaango.

Uni, ile tope ya njano inayokaa ndani ya ukuta wa mwani, si mayai. Ni viungo vya uzazi vya yule kiumbe wa miiba anayewachoma waogeleaji miguuni, na vya dume huliwa sawa na vya jike. Shirako nayo ni mbegu za kiume za samaki, zaidi za kodi, nyeupe na zenye mikunjo kama ubongo. Watu wengi huila kwanza na kuuliza baadaye. Kaviari ni mayai ya stajoni peke yake. Japani humfuga, hasa Miyazaki, lakini si chakula cha sushi ya kila siku, na tangu 1998 biashara ya kimataifa ya jamii zote za stajoni imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES.

Kabla ya kula

Chumvi ndiyo jambo la kwanza. Gramu 100 za mentaiko hubeba chumvi inayozidi gramu 5, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikifikie kwa siku nzima. Mwenye shinikizo la damu atosheke na kijiko kimoja. Lehemu nayo ni nyingi: ikura ina takriban miligramu 480 katika gramu 100. Wenye ugonjwa wa jongo mara nyingi huambiwa waikimbie ikura, kumbe ikura ina purini kidogo sana. Inayostahili kuogopwa ni shirako, na kwa kiasi fulani mentaiko na tarako.

Mzio wa mayai ya samaki upo na unaweza kuwa mkali. Japani imeiweka ikura katika orodha ya vyakula ambavyo watengenezaji wanashauriwa kuvitaja kwenye pakiti. Wajawazito hushauriwa kuepuka mazao ya samaki mabichi.

Kuna pia minyoo aina ya anisakisi, ambayo huweza kuwamo katika samoni, kodi na heringi. Siki, chumvi ya kawaida ya mezani na wasabi haviwaui. Kinachowaua ni moto, au kugandishwa katika nyuzi joto 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Hivyo kama unanunua mayai ya samoni kwa ajili ya kula bila kupika, ikura iliyogandishwa kiwandani ni salama kuliko "bichi ya leo". Iyeyushe taratibu ndani ya friji usiku kucha. Ukiiweka kwenye maji ya moto ili uwahi, itageuka nyeupe na kuwa ngumu, na fedha yako itakuwa imepotea.